Karatasi ya Kaunta Haijui Kama Leo ni Bamvua

Ingia hoteli yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iwe ya vyumba sita au sitini, na pale mapokezi utaikuta karatasi ile ile. Imevikwa plastiki, kona zimeanza kufunguka, na juu yake pameorodheshwa safari saba au nane na bei zake kwa dola: mashamba ya viungo, Changuu kwenye kobe, Jozani kwenye kima punju, pomboo wa Kizimkazi, fungu la Nakupenda, matembezi ya mji, jahazi la machweo. Mgeni anauliza kesho afanye nini. Mtu wa mapokezi anaigeuza karatasi imtazame mgeni, anaweka kidole, anataja saa ya kuondoka. Kazi imekwisha.

Karatasi hiyo ndiyo inayotoka Aprili masika yakiwa yamepamba moto. Ndiyo inayotoka Agosti kusi likivuma mchana kutwa. Ndiyo inayotoka Ramadhani, na ndiyo inayotoka Julai asubuhi ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, siku ambayo baadhi ya wafanyakazi wa hoteli hiyo hiyo wameomba ruhusa mapema ili wawahi gari la Makunduchi. Kisiwa kizima kinakwenda kwa pepo, kwa mwezi na kwa maji kujaa na kupwa. Karatasi ya kaunta ndiyo pekee isiyo na habari.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa nje zaidi ya 700,000. Wengi wao hawasomi Kiswahili, hawamjui mtu, na siku walizonazo ni za kuhesabu. Mtu wa kwanza kuwaambia waende wapi ni yule kijana au binti aliyesimama nyuma ya kaunta. Neno lake moja linaamua kama fedha ya siku hiyo itashukia kwa mama wa mwani wa Paje, kwa muuza kahawa wa Jaws Corner, au kwa kampuni ya boti iliyompigia simu jana usiku. Kwa watu wachache mno tumeweka mamlaka makubwa kiasi hicho, na kwa watu wachache mno tumekaa kimya kiasi hicho kuhusu namna wanavyoyatumia.

Ulaya kazi hii ina heshima yake. Katika hoteli kubwa za huko yupo mtu maalumu wa kuelekeza wageni, na wenye kazi hiyo wana umoja wao, Les Clefs d'Or, ulioanzia Paris mwaka 1929. Ukimwona mtu amebandika kwenye ukosi wa koti funguo mbili za dhahabu zilizopishana, huyo ni mwanachama. Anachouza ni kujua: mkahawa gani umebadilisha mpishi, onyesho gani halifai kupelekewa watoto, maua ya bustani gani yamechanua wiki hii. Huku kwetu kazi hiyo anaifanya mtu yule yule anayepokea pasipoti, anayetafuta ufunguo uliopotea na anayesikiliza malalamiko ya maji ya moto. Simlaumu kwa kukimbilia karatasi.

Lakini uchovu si sababu yote. Sababu kubwa ni kamisheni, na kila aliyefanya kazi katika utalii wa Unguja anaijua hata kama haisemi mbele ya watu. Safari ya boti ikiuzwa pale kaunta, sehemu ya bei inarudi kwa aliyeiuza. Dereva naye ana chake, duka la viungo lililopo mwisho wa shamba nalo lina chake cha kumpa dereva. Sioni haramu hapo. Mishahara ya mapokezi tunaijua, na mtu ana watoto wa kusomesha. Tatizo ni kwamba vitu vizuri kuliko vyote hapa kisiwani havina tiketi, na kisicho na tiketi hakina kamisheni. Vingi kati ya hivyo vina msimu wake: vinakuja na kuondoka, havimngoji mtu wala havimlipi dalali. Kwa hiyo havimo kwenye karatasi.

Chukua maji ya bahari tu, maana hapo ndipo wageni wanapoumia zaidi bila kujua kilichowapata. Mvuvi yeyote wa Malindi atakwambia kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Unguja hukauka kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi alasiri. Tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu, saa zinageuka, na bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Elimu hii haihitaji chuo. Iko kwenye mwezi, na kwa asiyeangalia juu iko kwenye jedwali la maji linalopatikana kwa simu.

Sasa mpeleke mgeni Nakupenda alasiri ya bamvua. Fungu la mchanga alilolipia linamezwa na maji huku akiwa bado anakula embe. Nahodha anawahimiza wapande boti, picha zinapigwa haraka haraka, na mgeni anarudi akidhani ameibiwa. Hakuibiwa, amepelekwa saa mbaya. Angekwenda asubuhi ya siku hiyo hiyo angekuta mchanga mrefu na mweupe. Au mpeleke Paje mtu aliyekuja kuogelea, asubuhi ya bamvua: ataiona bahari kwa mbali, mstari wa buluu nje kule kwenye mwamba, na mbele yake nyasi za bahari, vidimbwi na ufukwe uliolala wazi. Atakaa kwenye kiti cha makuti akinuna mpaka mchana. Angepelekwa Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo, angeshukuru.

Na hapo hapo Paje, saa ile ile ya kukauka, pana jambo ambalo mimi ningemtoa mtu kitandani akalione. Wanawake wa mwani wanaingia baharini. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989 huku huku upande wa mashariki, na tangu hapo saa za kazi za akina mama hawa zinapangwa na bamvua. Wanatembea mpaka maji ya magoti, wanakaa kwenye maji ya kiuno, vigingi vimepangwa mistari mistari, kamba zimefungwa baina ya kigingi na kigingi, na kila kamba ina vishada vya mwani vilivyofungwa kwa uzi mdogo. Mama anainua kamba, anakung'uta mchanga na majani yaliyonasa, anakata kilichokomaa, anaacha mbegu, anafunga upya. Mkono mmoja ndani ya maji, mwingine kwenye gunia. Maji yakianza kurudi wanayajua kabla ya mtu mwingine yeyote, wanaburuta magunia kuja nchi kavu wakitaniana. Mgeni anayeongozana na mmoja wao kwa saa moja, akamlipa mkononi, ameijua Zanzibar kuliko aliyepanda boti tano. Ila lazima mtu wa kaunta ajue kwamba kesho ni bamvua. Siku ya maji mafu hakuna cha kuona pale zaidi ya maji.

Hayo ni ya mwezi. Yapo na ya pepo. Kusi linapovuma, kati ya Aprili na Septemba, upande wa mashariki unachafuka, na wachezaji wa kaiti wanafurahi hasa kuanzia Juni. Mwenye watoto wadogo asipelekwe huko kwa jahazi. Kaskazi likija Disemba bahari inatulia, joto linapanda, maembe yanajaa sokoni Darajani. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wanapita pwani ya kusini wakitoka bahari za baridi, na mvuvi wa Kizimkazi anaweza kukuonyesha pumzi yao ikiruka juu ya maji. Mambo haya yangeweza kuandikwa kwa chaki kwenye ubao mdogo pale mlangoni, yakafutwa na kuandikwa upya kila Jumatatu.

Nimetaja Kizimkazi, na siwezi kuipita bila kusema la pomboo. Hii ndiyo safari inayouzwa sana, na ndiyo ambayo mtu mwaminifu wa mapokezi angeisemea kwa tahadhari. Asubuhi boti zinatoka kwa makundi, zinawazunguka pomboo, injini zinanguruma, watu wanaambiwa "Ruka! Ruka!" na wanarukia mgongoni mwa mnyama aliyekuwa anapumzika. Watafiti waliofuatilia pomboo wa pwani hii wameandika kwamba boti za watalii zinapokuwepo, pomboo hupumzika kidogo na husafiri zaidi. Ghuba ya Menai, ilipo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu 1997, lakini sheria haimo ndani ya boti, nahodha ndiye aliyemo. Kwa hiyo kaunta ingesema hivi: nenda na nahodha anayezima injini mbali, usiruke, na ukiona boti nyingi zimeshawazunguka, mwambie akugeuze. Ukirudi, simama Dimbani uone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Maandishi hayo yana miaka zaidi ya mia tisa, na msikiti haukimbii boti.

Changuu nako kunauzwa nusu nusu. Mgeni anaambiwa ni kisiwa cha gereza, anakwenda, anapiga picha na kobe. Gereza lilijengwa 1893 lakini halikutumika kuwa gereza. Kisiwa kikawa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuleta maradhi. Kobe waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hadithi hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu atazame kuta zile kwa jicho jingine, na haiongezi hata senti kwenye bei. Haisemwi kwa sababu anayeuza safari, mara nyingi, hajawahi kupelekwa.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Wapo vijana wa mapokezi waliozaliwa Kwahani au Jang'ombe ambao hawajawahi kutia mguu Jozani. Mwajiri anawataka wauze msitu wasioujua. Na hata vile wanavyovijua, vya nyumbani kwao, hawadhani kwamba ni vya kumwambia mgeni. Kijana anatoka kazini saa kumi, anapita kibarazani, anakunywa kahawa chungu kwa kashata, anasikiliza wazee wakibishana siasa huku dhumna zikigongwa mezani. Kesho mgeni akimwuliza wapi pana maisha ya mji, anamwelekeza kwenye mkahawa wa juu ya paa.

Idd moja nilisimama nyuma ya familia moja kwenye kaunta ya hoteli ya mjini. Walikuwa Watanzania wenzetu, wametoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, baba, mama na watoto watatu waliovaa nguo mpya. Ilikuwa Idd pili. Mama akauliza, "Samahani mdogo wangu, watoto tuwapeleke wapi leo?" Kijana akajibu kwa adabu kabisa, "Dada, leo sikukuu, vingi vimefungwa. Ila naweza kuwapatia boti ya kwenda Changuu." Akaigeuza karatasi. Mwendo mfupi tu kutoka pale, jua likipungua, watoto wa mji mzima wangekuwa wamejaa viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja na mkono wa Idd mfukoni: pembea, vibao vya kuchezea, urojo, aiskrimu, mabinti wenye hina mpaka kiwiko, na vishindo vya fataki. Sikukuu ya watoto hailipishi kiingilio. Sikujizuia, nikamwambia yule mama mwenyewe. Kijana akacheka, akasema, "Hata mimi nakwenda huko jioni na wanangu."

Hata yeye! Alikuwa na jibu zuri kuliko yote mjini, na hakuliona kuwa ni jibu.

Ramadhani ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kaunta nyingi zinaisemea kama maradhi: mgeni pole, migahawa imefungwa mchana, usile barabarani, vaa vizuri. Yote hayo ni kweli na yasemwe. Lakini yasemwe pamoja na mengine. Kuanzia alasiri Darajani inageuka: mikate ya ufuta inapangwa kwa minara, mikate ya kumimina, sambusa, kachori, bajia, katlesi, tende kwa kilo, tambi, mihogo na ndizi mbivu za kupikwa kwa nazi. Watu wanakwenda mbio, honi zinalia, kisha adhana ya magharibi inapigwa na mji unanyamaza kwa ghafla kiasi kwamba unasikia vijiko. Baada ya tarawehe mji unazaliwa upya, Forodhani panajaa, watoto wanacheza mpaka usiku mkubwa. Mgeni aliyekuja mwezi huo akaondoka akidhani Zanzibar ni mji uliofungwa, alaumiwe nani? Na mwenyeji aliyefunga anaweza kumkaribisha mgeni kwenye uji wa pilipili manga bila kumwuliza dini yake. Tunafanya hivyo majumbani siku zote. Hoteli ingeweza kulipanga jambo hilo na familia za jirani kwa malipo ya haki.

Kalenda hii ya mwezi mwandamo inataka akili kidogo, kwa sababu inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 mfungo ulianza Machi 12. Mwaka 2026 umeingia Februari, na 2027 utaanza mapema zaidi ndani ya Februari hiyo hiyo. Februari ndiyo mwezi wa Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na kuifanya Ngome Kongwe ijulikane duniani. Mtu wa mapokezi anayeangalia kalenda mbili kwa pamoja ataliona jambo hili, mfungo kukaribiana na tamasha, mapema na kumwandikia mgeni anayetaka kuhifadhi chumba. Asiyeangalia ataliona siku mgeni amefika na koti lake la dansi. Tamasha la filamu, ZIFF, lililoanza miaka ya tisini na kufungamanishwa tangu mwanzo na nchi za jahazi, kwa kawaida ni la katikati ya mwaka. Tarehe za matamasha haya husogea, na mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Kwa hiyo mambo ya "kila Februari" na "kila Julai" hayatoshi. Lazima simu ipigwe.

Na taarabu je? Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Hiki ndicho kisiwa cha waimbaji Siti binti Saad na Bi Kidude. Mgeni anakaa siku nne Mji Mkongwe akisikiliza nyimbo za Bob Marley zikipigwa kwa gitaa kwenye kila baa ya ufukweni, anaondoka bila kusikia kanuni wala udi ukipigwa na mtu aliye hai. Kuuliza kikundi fulani kinafanya mazoezi usiku gani ni dakika mbili za simu. Masika, wakati mvua imemfungia mgeni ndani na safari za boti zimefutwa, hapo ndipo taarabu ingemwokoa yeye na hoteli. Badala yake anapewa nywila ya intaneti.

Sasa nifike Makunduchi. Mwaka Kogwa unaangukia Julai, ukihesabiwa kwa kalenda ya jua iliyotoka Uajemi, na sherehe zake hunyoosha mpaka siku nne. Siku yenyewe wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani wakiwa na mabua ya migomba na wanachapana kwelikweli. Ya mwaka mzima yanamalizwa hapo, kisha hayazungumzwi tena. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, aliyekuwemo ndani anachoropoka mbio. Wanawake wanapita kwa makundi na nyimbo zao, nyingine zenye maneno ambayo siku ya kawaida yangemtia mtu matatani, wamevaa kanga mpya na dhahabu zao zote. Halafu ni kula. Kwa desturi ya Makunduchi nyumba isiyopata mgeni siku ile haijisikii vizuri, kwa hiyo anayepita huvutwa ndani. Daladala namba 310 inafika huko kwa nauli ya kawaida.

Wapo wanaonipinga hapa, na hoja yao nzito. Wanasema: tukiwaambia wageni wote, Mwaka Kogwa utakuwa onyesho. Kamera zitakuwa nyingi kuliko mabua. Mtu atasimama na simu yake mbele ya bibi anayeimba, kwa kaptura fupi, na mwakani bibi hatatoka. Ni kweli, na dalili zake zimeshaonekana. Ila kunyamaza kwa kaunta hakukuzuia basi za watalii kufika. Kumezuia maelezo tu. Mgeni aliyetumwa na mtu anayepajua anafika amejifunika mabega na magoti, anajua kwamba haingii uwanjani kwa wanaopigana, anaomba kabla ya kupiga picha, ananunua chakula kijijini, na anaondoka kabla hajachosha watu. Yule aliyejiendea mwenyewe baada ya kuona picha mtandaoni hajui hata moja kati ya hayo. Mwelekezaji mzuri anamlinda mwenyeji kama anavyomhudumia mgeni, na yapo ya kumwambia mgeni hapana. Maziko si matembezi. Mazishi ya mtu maarufu yakipita Darajani, kamera ikae mfukoni. Ngoma za pepo za mitaani si za kupelekea watu kwa sababu umesikia mdundo. Harusi ni za kualikwa, na mtu wa mapokezi akimwalika mgeni kwenye harusi ya binamu yake, huo ni ukarimu wake, usiwekewe bei.

Pemba naitaja kwa mbio, kwa sababu wanaofika ni wachache na kaunta za Unguja zinaisahau kabisa: mchezo wa ng'ombe, ambao haukuwekwa kwa ajili ya watalii, popo wa Kidike, msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali, na msimu wa karafuu, ambapo barabara nzima inanukia kwa karafuu zilizoanikwa majamvini mbele ya nyumba. Mgeni wa siku kumi anayekaa siku zote kumi Unguja ameshauriwa vibaya.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu bila fedha yote haya ni maneno ya gazeti la Jumapili. Sipendekezi kamisheni ifutwe, itajificha tu. Napendekeza iwekwe mezani. Hoteli ikubaliane na waendesha safari kwamba sehemu inayorudi ni ile ile kwa kila safari, na iingie kwenye mfuko wa pamoja unaogawanywa mwisho wa mwezi, kama zinavyofanya hoteli kadhaa kwa fedha ya huduma. Hapo kijana hatakuwa na sababu ya kumsukuma mgeni kwenye boti ghali wakati anajua bahari imechafuka. Na kwa yale yasiyo na tiketi, mwenye hoteli ajue kwamba analipwa kwa njia nyingine: mgeni aliyepelekwa Mnazi Mmoja jioni ya Idd anaongeza usiku mmoja, na anarudi kuwasimulia wengine. Mwenye hesabu za biashara hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

La pili ni rahisi zaidi. Mtu wa mapokezi apewe siku moja kila mwezi, kwa malipo, ya kwenda mahali. Asipelekwe na kampuni ya safari inayotaka kumnunua. Apande daladala kama watu, 116 ya Nungwi, 309 ya Paje na Jambiani, 326 ya Kizimkazi, aende na macho yake, arudi na majina ya watu wa kupigiwa simu. Aandike kwenye daftari moja linalobaki kaunta hata yeye akihama kazi. Kamisheni ya Utalii inatoa leseni kwa wanaoongoza wageni, na ni sawa. Lakini wanaoongoza uamuzi wa mgeni kabla hajatoka mlangoni hawana mafunzo yoyote ya kujua kisiwa, na pengo hilo ni la serikali pia.

Na wewe msomaji, uwe umetoka Mwanza, Mombasa au Muscat, ukifika hotelini Unguja usianze kwa kuuliza bei. Muulize aliyesimama kaunta: kesho bahari inakauka saa ngapi? Akikujibu, kaa naye, mwulize na mengine, na mwachie bakshishi nzuri. Akiigeuza karatasi, mshukuru, toka nje, na mwulize muuza kahawa wa kwanza utakayemkuta barazani.